Kipaji Bado Si Uwezo

Ukimwuliza kijana wa Kadutu anafanya nini siku hizi, mara nyingi atakujibu kwa maneno mawili: natafuta maisha. Jibu hilo hilo utalipata kwa mama mwenye beseni la samaki kule Nyawera, kwa mwendesha pikipiki anayengoja abiria, na kwa mhitimu wa chuo kikuu anayevuka Ruzizi asubuhi kwenda Kamembe kununua bidhaa za kuja kuuza rejareja. Sisi tunaosoma lugha tunapaswa kusimama kidogo mbele ya msemo huu. Mtu hutafuta kitu alichokipoteza au ambacho bado hajakipata. Anayesema anatafuta maisha tayari ana uhai: anapumua, anatembea, anacheka na wenzake. Kumbe kuna kitu kingine zaidi ya uhai ambacho anakiita maisha, na anajua kwamba bado hakijafika mkononi mwake.

Kitu hicho ni nini? Pesa ni sehemu yake, na anayekataa hilo hajawahi kufukuzwa darasani kwa sababu ya karo. Lakini pesa si yote. Mwangalie mhitimu yule yule miaka kadhaa baadaye, ana duka lake, watoto wanakula na wanasoma, na bado utamsikia akisema: "Mimi nilisoma bure tu." Hapo si njaa inayosema. Ni elimu iliyokaa ndani yake miaka yote bila kupata pa kufanyia kazi.

Katika makala hii nataka kujadili uhusiano wa mambo haya mawili: kutimiza kile ambacho mtu amejaliwa, na ubora wa maisha yake. Mjini mwetu kuna majibu mawili yanayozunguka. La kwanza ni la wazazi wetu: shiba kwanza, mengine baadaye. Walimu wetu wa saikolojia hulifundisha kwa jina la Abraham Maslow, Mmarekani ambaye mwaka 1943 alipanga mahitaji ya binadamu kama ngazi. Chini kuna chakula na usingizi, juu yake usalama, kisha upendo, kisha heshima, na juu kabisa kuna kujitimiza. Mzazi wa Bagira hajasoma Maslow, lakini akisikia mtoto wake anataka kusoma lugha, anamwuliza swali la ngazi ile ile: "Sasa ile Kiswahili utaikulaka?"

Jibu la pili ni la semina za motisha na mahubiri ya mafanikio: gundua kipaji chako, kiamini, na maisha mazuri yatakufuata yenyewe. Wanaosema hivi hupenda methali, na mojawapo ni ile isemayo kizuri chajiuza. Mimi naona majibu yote mawili yana kasoro moja. Yanamtazama mtu akiwa peke yake, kama kwamba kipaji chake na tumbo lake ni mambo yanayomalizwa ndani ya ngozi yake. Msimamo wangu ni huu: kipaji huwa uwezo pale kinapompata mtu mwingine anayekihitaji, na pasipo njia ya kuwakutanisha hao wawili, hakuna ubora wa maisha wa kuzungumzia. Njia hiyo haijengwi na mwanafunzi mmoja mmoja. Kitivo chetu kinaweza kuanza kuijenga, na mwishoni nitaeleza namna gani.

Maneno tuliyo nayo

Wafaransa wana neno "potentiel", na sisi Wakongomani tumelisikia kupita kiasi. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba nchi yetu ina utajiri mkubwa ulio ndani yake. Maporomoko ya Inga hukadiriwa kuweza kutoa megawati zaidi ya 40,000. Mabwawa mawili yaliyojengwa pale, la mwaka 1972 na la mwaka 1982, hata yakifanya kazi yote hayafiki megawati 1,800. Hapa kwetu, maji ya Ziwa Kivu yanashuka kwa Ruzizi usiku na mchana. Bwawa la kwanza linafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, la pili tangu mwaka 1989, na bado mwanafunzi wa Cimpunda anasoma kwa tochi ya simu. Tena mara kwa mara mitambo ya Ruzizi huzibwa na chupa na mifuko ya plastiki inayotoka mjini. Maji hayajapungukiwa nguvu. Kilichokosekana ni mitambo ya kutosha, nyaya za kutosha, na watu wa juu kuacha kutupa takataka zinazowarudia kama giza.

Kiswahili, kwa upande wake, kina tahadhari ambayo Kifaransa hakina katika jambo hili. Hatuna neno moja, tunayo kadhaa. Kipaji na kipawa yote yametoka katika kitenzi cha kupa: ni kitu ulichopewa. Karama nayo ina maana ya neema, kitu kilichokujia bila wewe kukilipia. Kwa hiyo lugha inatukumbusha kwamba mwenye sauti nzuri au akili nyepesi ya hesabu hana cha kujivunia bado. Amepokea tu.

Neno la pili ni uwezo, kutoka kuweza. Hapa ndipo Kiswahili kinanifurahisha. Tukisema fulani ana uwezo, tunaweza kumaanisha kwamba anajua kufanya jambo. Tukisema fulani ni mtu mwenye uwezo, kila mmoja anaelewa kwamba ana mali. Na mama akisema "sina uwezo wa kumlipia mtoto", hasemi kwamba hajui kulipa. Wasomi wengine wataona hapo mkanganyiko wa maana. Mimi naona hekima. Wazungumzaji wa lugha hii walitambua zamani kwamba kuweza hakukai kichwani peke yake. Kunahitaji nyenzo, nafasi na watu. Kati ya kupewa na kuweza kuna safari, na watu wengi wenye vipaji hufia njiani.

Mwanauchumi Amartya Sen, mzaliwa wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alijenga nadharia nzima juu ya wazo lililo karibu na hili. Alisema tusimpime mtu kwa mali aliyo nayo pekee, wala kwa furaha anayodai kuwa nayo, kwa sababu mtu aliyezoea dhiki hujifunza kutosheka na kidogo. Tupime yale ambayo kweli anaweza kufanya na kuwa. Mawazo ya namna hiyo yalichangia kuzaliwa kwa kipimo cha maendeleo ya binadamu ambacho Umoja wa Mataifa ulikianza mwaka 1990 chini ya uongozi wa Mahbub ul Haq wa Pakistani. Kipimo hicho huangalia afya, elimu na kipato, na kila mwaka nchi yetu hujikuta katika kundi la chini.

Lakini hata kipimo hicho kizuri kina tundu moja ambalo mji wetu unalijua vizuri. Katika elimu, kinahesabu miaka ya shule. Hakiulizi kama yale uliyoyasoma yamepata pa kufanyia kazi. Bukavu ni mji wa vyuo: kila mwaka tunavaa joho, tunapigwa picha, familia zinakodi viti na kupika. Kwa hesabu ya miaka ya shule tumepanda. Kesho yake mhitimu anaanza kutafuta maisha.

Daktari na wanawake wa Idjwi

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Daktari Denis Mukwege. Tumezoea kuutaja kwa fahari, lakini mara chache tunauchunguza. Alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji. Alisomea udaktari Bujumbura, kisha akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza tiba ya magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1989 alirudi kufanya kazi Lemera. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi.

Angalia jambo la kwanza. Ngazi ya Maslow inasema usalama hutangulia. Lemera na Panzi hazikuwa na usalama. Kama daktari huyu angengoja kidato cha pili cha ngazi kikamilike ndipo apande cha tano, angekuwa bado anangoja. Na si yeye tu: wauguzi, wakunga na madereva wa hospitali zetu wamefanya kazi zao bora wakati ambapo risasi zinasikika. Hivyo jibu la wazazi wetu, ingawa limetoka katika upendo na katika uzoefu mchungu, halielezi maisha ya mji huu.

Jambo la pili. Panzi ilikusudiwa kuwa mahali ambapo akina mama wangejifungua salama. Wagonjwa wa kwanza waliofika walikuwa wanawake waliobakwa na kuumizwa vibaya. Haja ya watu ndiyo iliyoelekeza mikono ya daktari kwenye kazi ambayo dunia ilikuja kumjua kwayo. Anayesema kwamba mtu hugundua kipaji chake kwa kujitazama ndani asome historia hiyo. Kipaji chake kilipata umbo lake mbele ya mgonjwa.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake, na mlinzi wake akauawa. Yeye na familia yake walikimbilia nje ya nchi. Huko Ulaya alikuwa na kila kitu ambacho vipimo vya ubora wa maisha hukihesabu: usalama, umeme, shule za watoto, na taaluma ambayo hospitali yoyote ingeipokea. Wanawake wa hapa, wakiwemo wa kisiwa cha Idjwi, walianza kuuza matunda na mboga ili kukusanya pesa za tiketi yake ya kurudi. Hao ni watu ambao kwa lugha ya kila siku tunasema hawana uwezo. Januari 2013 alirudi, na umati ukampokea. Kwa miaka mingi baada ya hapo aliishi ndani ya eneo la hospitali akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad.

Je, maisha yake yaliboreka kwa kurudi? Mtu asiyeweza kutembea peke yake mpaka sokoni hana ubora wa maisha kwa kipimo chochote cha kawaida. Siwezi kumjibia. Ninachokiona ni kwamba wanawake wale walielewa jambo ambalo semina za motisha hazilielewi: kipaji cha daktari kikiwa Ulaya, na wao wakiwa Idjwi, pande zote mbili zilikuwa zimepungukiwa. Pesa yao ndogo ilikuwa njia ya kuwakutanisha.

Mtu ataniambia kwamba Mukwege ni mmoja, na kwamba si haki kumpima mwanafunzi wa kawaida kwa mtu kama huyo. Nakubali. Basi tuwaangalie wagonjwa wake. Panzi ilijifunza mapema kwamba kumshona mwanamke jeraha na kumrudisha kijijini hakutoshi. Ndiyo maana huduma ziliongezwa: ya saikolojia, ya sheria, na ya kumwezesha kuishi kwa kazi yake. Mwaka 2011 hapa mjini palifunguliwa Cité de la Joie, ambapo wanawake walionusurika hukaa miezi sita wakijifunza na kujiandaa kurudi kwao kama viongozi. Walioanzisha mambo haya waliona tofauti kati ya kupona na kuishi. Aliyepona ana uhai. Anayeweza kusoma, kulima, kuuza, kusema mbele ya watu na kusikilizwa, huyo ndiye ameanza kuwa na maisha. Na hao si watu mashuhuri. Ni mama zetu na dada zetu.

Mwalimu na karani

Hadi hapa hoja yangu inaonekana nyepesi: tumia kipaji chako kwa ajili ya wengine, utaishi vizuri. Ingekuwa uongo kuishia hapo, kwa sababu kila msomaji wa jarida hili anamjua mtu anayeipinga kwa maisha yake. Mtu huyo ni mwalimu.

Mwalimu wa shule ya msingi katika Kivu Kusini hutumia kipaji chake kila siku, mbele ya watoto wanaokihitaji kweli kweli. Kwa kipimo changu, angepaswa kuwa mmoja wa watu wenye maisha bora kabisa. Lakini tangu miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kumlipa ipasavyo, mshahara wake ulibebwa na wazazi waliochanga "prime" shuleni. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji wake ulianza Septemba 2019. Watoto wengi waliingia darasani, na hilo ni jambo jema. Walimu nao wakajikuta na madarasa yaliyofurika, huku wengi wakikosa ile prime na kungoja mshahara uje.

Kwa hiyo nasema wazi: kutumika ni lazima, lakini hakutoshi. Yeyote anayemwambia mwalimu kwamba wito ndio malipo yake anamwibia. Wito haulipi kodi ya nyumba. Hata kifungu cha 36 cha Katiba hiyo hiyo, kinachosema kazi ni haki na wajibu mtakatifu, kinataja pia malipo ya haki. Mtu anayeitwa mchana kutwa na halipwi anachoka, na kipaji kilichochoka huanza kutumika vibaya: mwalimu anauza alama, muuguzi anauza dawa za hospitali. Tusishangae. Njia kati ya kipaji na haja inapita katika mshahara pia.

Kuna mfano wa pili unaowahusu zaidi wanaopenda kuandika. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, hakuishi kwa vitabu vyake. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, akianzia idara ya forodha. Alifariki mwaka 1962. Karatasi za forodha alizozijaza hazikumbukwi na mtu. Mashairi na hadithi zake tunazisoma hapa kwetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Simtaji ili kuwafariji maskini. Namtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha kwamba kazi inayokulisha na kipaji ulichopewa vinaweza kuwa kamba mbili, na si aibu kuzishika zote. Mwenzetu anayeuza vocha za simu pale Nyawera baada ya kuhitimu hajashindwa. Anashindwa siku ile ambapo hakuna mtu hata mmoja anayenufaika tena na yale aliyoyasoma.

Kitivo chetu kifanye nini

Sasa tuje nyumbani. Kila mwaka wanafunzi wa lugha wa mji huu huandika kazi za mwisho wa masomo. Tunalipia uchapaji, tunalipia jalada, tunatetea mbele ya jopo, tunapigiwa makofi. Kisha kazi inawekwa kwenye rafu. Wasomaji wake ni mwalimu aliyeisimamia, wajumbe wa jopo, na mwanafunzi wa mwaka unaofuata anayetafuta pa kunakili. Hiyo ndiyo Ruzizi yetu: maji yanapita, taa haiwaki.

Wakati huo huo mji una njaa ya lugha. Nenda kituo chochote cha afya. Mgonjwa anasema ana "tension", karatasi imeandikwa kwa Kifaransa, kamusi inasema shinikizo la damu, na bibi aliyetoka Walungu anaujua ugonjwa wake kwa Mashi. Nani anawakutanisha? Muuguzi, kwa kubahatisha. Nenda mahakamani. Mwishoni mwa mwaka 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilihamia Kavumu kusikiliza kesi ya watoto wadogo waliobakwa. Sheria zetu zimeandikwa kwa Kifaransa, lakini mama anayeeleza yaliyompata binti yake hasemi Kifaransa. Katika kesi za namna hiyo neno moja likifasiriwa vibaya linaweza kumwokoa mwenye hatia au kumfunga asiye nayo. Sikiliza redio. Radio Okapi imetangaza tangu mwaka 2002 kwa lugha tano, Kifaransa pamoja na lugha nne za taifa zinazotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba. Hiyo ni ajira ya lugha, ya Kiswahili chetu, iliyokuwapo miaka yote tuliyoambiwa kwamba Kiswahili hakiliki.

Napendekeza mambo matatu.

La kwanza: kila kazi ya mwisho wa masomo iwe na mtumiaji nje ya chuo. Kabla mada haijakubaliwa, mwanafunzi ataje nani ataitumia: kituo cha afya cha mtaani kwake, ushirika wa akina mama, shule, redio, ofisi ya mawakili. Anayechunguza istilahi za afya aache nyuma yake orodha ya maneno mia mbili, ya Kifaransa, Kiswahili na Mashi, iliyojaribiwa na wauguzi. Anayechunguza isimu-jamii ya soko la Kadutu aandike na mikataba mifupi ya mkopo ambayo wauzaji wataielewa. Nadharia ibaki, tena iwe kali zaidi, kwa sababu muuguzi akikuambia neno lako halieleweki, hakuna jopo litakalokutetea.

La pili: kazi hiyo ihesabiwe katika alama. Mfumo wa LMD ulioanza kuenea katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022 unahesabu masomo kwa krediti, yaani kwa kazi ambayo mwanafunzi anaifanya, siyo saa za kumsikiliza mwalimu tu. Tumeupokea mfumo huo na lawama nyingi. Hapa una faida, tuitumie.

La tatu: pawe na mkataba. Mtumiaji alipe angalau nauli na uchapaji, na jina la mwanafunzi liandikwe juu ya kazi. Mashirika yenye bajeti ya tafsiri yalipe tafsiri kama yanavyolipia mafuta ya magari yao. Yale niliyosema juu ya mwalimu yanamhusu mwanafunzi pia: tusijenge njia mpya ya kutumikishwa bure.

Najua pingamizi zitakazokuja. Mhadhiri mmoja atasema chuo si shirika la misaada, na kwamba kazi ya chuo ni kutafuta ujuzi. Ni kweli, na simwombi agawe mchele. Namwomba aulize ujuzi huo unakutana na nani. Mwingine atasema yeye mwenyewe ana miezi bila malipo, na mimi namwongezea mzigo. Hilo ni pingamizi zito kuliko yote, na jibu lake haliko mikononi mwa wanafunzi. Ila mji utamtetea kwa nguvu zaidi mhadhiri ambaye kazi yake inaonekana katika hospitali na mahakama zake. Wa tatu atasema: tungoje vita viishe. Huyo namrudisha Lemera na Panzi. Katika mji huu, anayengoja utulivu ndipo aanze atazeeka akingoja.

Kwa wanafunzi wenzangu nina neno la mwisho. Msiache masomo haya kwa sababu mmeulizwa mtakula nini, wala msiyaendeleze kwa sababu mmeambiwa mna kipaji. Muhula ujao, kabla ya kupeleka mada yako kwa msimamizi, panda kituo cha afya kilicho karibu na kwenu, keti kwenye benchi pamoja na wagonjwa nusu siku, na uandike maneno yote ambayo muuguzi na mgonjwa walishindwa kuelewana. Orodha hiyo ipeleke chuoni. Hata ikiwa na maneno kumi tu, mada yako utakuwa umeipata, pamoja na mtu anayeingoja.